Ranchi ya Mwenye Arsenal

Habari za kuuzwa kwa ranchi ya Waggoner zilinifikia kutoka Nyahururu, ingawa aliyekuwa akiishi Texas, mwendo usiotimia saa moja kwa gari kutoka lango lake, ni mimi. Ilikuwa Februari 2016. Baba mdogo, ambaye ni Arsenal damu, alinipigia simu usiku wa kwao akiwa amekasirika kwelikweli.

"Hebu niambie, huyu Kroenke amenunua shamba huko kwenu? Pesa za mshambuliaji hana, za ng'ombe anazo!"

Nikamwambia ni kweli. Akauliza ni ekari ngapi. Nikamjibu zaidi ya laki tano. Kimya. Kisha akaniuliza kama sijaongeza sifuri.

Sikuongeza. Ranchi ilipotangazwa mwaka 2014 ilikuwa na ekari 510,000 na ushei, ndani ya ua mmoja, ikigusa kaunti sita za kaskazini mwa Texas, na bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 725. Hizo ni kilomita za mraba zaidi ya 2,000. Unguja nzima ingeingia humo na nafasi ikabaki. Pamoja na ardhi mnunuzi angepata maelfu ya ng'ombe, mamia ya farasi, visima vya mafuta zaidi ya elfu moja, mashamba ya kulima, maziwa, nyumba za wafanyakazi, na uwindaji: kulungu wa mkia mweupe, kware, njiwa, bata mzinga na nguruwe mwitu wasiohesabika. Stan Kroenke, aliyekuwa tayari ndiye mwenye hisa nyingi zaidi Arsenal, aliichukua yote. Bei aliyolipa hasa haikutangazwa.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani kwao, kazi ambayo Wakenya wengi tumeishika huko: kuogesha, kupika, kupanga dawa, na zaidi ya yote kusikiliza. Mmoja wao alikuwa kauboi wa Waggoner tangu ujana wake hadi magoti yalipogoma. Nitamwita Mzee, basi. Siku ya kwanza aliniuliza kama kwetu kuna simba. Nikamwambia baba yangu alichunga ng'ombe wa mzungu Laikipia, na simba walikuwepo. Habari za simba zikamwishia hapo hapo. Alitaka za ng'ombe. Wana nundu? Mnawaogesha dawa ya kupe kila baada ya siku ngapi? Usiku wanalala wapi? Nilipofika kwenye boma la miiba na mchungaji anayelala mlangoni na fimbo yake, aliinyoosha ile rimoti akazima televisheni.

Tangu hapo tulizungumza ng'ombe. Alinichorea chapa ya Waggoner nyuma ya karatasi ya dawa: herufi D tatu, zote zimegeuka nyuma mbele. Sababu yake, alisema, ni wezi. Chapa nyingi mwizi mjanja huweza kuziongezea mstari hapa na kona pale zikawa zake. D tatu zilizogeuka humpa kazi ngumu. Nami nikamchorea ya mzungu wetu, herufi moja na namba chini yake, niliyoijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Kitu kilichotuunganisha kabisa, hata hivyo, kilikuwa mti. Mzee aliichukia mesquite kuliko alivyowachukia wezi. Ni kichaka cha miiba chenye mizizi inayofuata maji mbali chini ya ardhi, na kikishaingia malishoni nyasi huaga. Nilipoyaona maganda yake tu nikamwambia: huyu tunamjua, ni ndugu yake mathenge. Nikamsimulia Baringo, jinsi mathenge alivyoletwa miaka ya themanini mwanzoni ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, jinsi alivyoyameza malisho, jinsi utamu wa maganda ulivyoyaozesha meno ya mbuzi, hata wananchi wakaishtaki serikali na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kama kielelezo. Mzee alicheka mpaka nikamshika bega asianguke. Kwa muda mrefu baadaye, akiamka vibaya, alikuwa akiniomba nimrudie habari ya yule mbuzi. Kwenye matangazo ya mashamba kama haya kichaka huitwa makazi ya wanyamapori. Mzee alikuwa na jina lingine, lisiloandikika.

Ni yeye aliyenifundisha kulisoma tangazo la ranchi. Alichukua kalamu akagawa bei kwa ekari: kama dola 1,400 hivi. Kisha akaniuliza ng'ombe mmoja pale anahitaji ekari ngapi. Nchi ile ni kavu, kwa hiyo ukisema ishirini umekuwa mkarimu. Ishirini mara 1,400 ni dola 28,000 za ardhi chini ya kwato za ng'ombe mmoja, ambaye Mungu akipenda atakuzalia ndama mmoja kwa mwaka. Hata ndama huyo akifika dola elfu moja, na usilipe mchungaji, dawa wala kodi, utangoja miaka 28 ardhi ijilipe. "Sasa niambie," akasema, "huyo ananunua ng'ombe?"

Hanunui ng'ombe. Ananunua mafuta kidogo, jina kidogo, mahali pa kuwekea pesa zisiyeyuke, na uwindaji. Hili la uwindaji lilinichukua muda kulielewa, maana Texas mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba, ni wa wananchi wa jimbo. Mali yake ni lango. Na kwa kuwa karibu ardhi yote ya Texas iko mikononi mwa watu binafsi, anayetaka kulungu lazima apitie lango la mtu. Hulipia msimu mzima, kwa ekari au kwa bunduki, hujenga kibanda cha kuvizia juu ya miguu mirefu, na mbele yake husimamisha pipa lenye mashine inayomwaga mahindi kwa saa maalumu ili kulungu azoee kuja. Niliiona mashine hiyo ikifanya kazi alfajiri moja, nilipompeleka Mzee kumtembelea mwanawe. Ilinguruma kidogo, kisha mahindi ya manjano yakaruka pande zote. Ni yale yale. Njaa ya 1984 tuligawiwa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, tukayala huku tukiyanung'unikia rangi yake. Sikumwambia mtu neno pale.

Kwetu hadithi ilikwenda njia nyingine. Mzungu wa baba naye alikuwa akipokea wageni wawindaji, na baba, akimwachia mwenzake ng'ombe kwa siku chache, alikuwa mfuata nyayo wao. Nyati alimjua kwa kinyesi tu: amepita lini, ana haraka au hana. Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na tangu hapo mwenye ranchi Laikipia anakula hasara ya punda milia na tembo kwenye nyasi zake bila haki ya kumtoza mtu risasi. Baadhi waligeukia watalii wa kamera, wengine waliuza. Mimi siutamani uwindaji urudi. Ila nikitazama pande mbili hizi naona kwamba bei ya ranchi huamuliwa na sheria ya nchi kabla hata mvua haijaulizwa.

Mzungu wetu hakungoja 1977. Alikuwa ameshauza.

Ya kwake nitayafikia. Kwanza ya akina Waggoner, kwa sababu swali alilouliza baba mdogo safari iliyofuata lilikuwa la maana: mtu mwenye mali kama hiyo anauza kwa nini? Ukame? Madeni?

Dan Waggoner alianza na ng'ombe wachache katikati ya karne ya 19. Mwanawe Tom ndiye aliyeifanya himaya. Tom huyu alichimba visima mwanzoni mwa karne ya 20 akitafuta maji ya ng'ombe, akapata mafuta, na inasemekana alikasirika, kwa kuwa ng'ombe hawanywi mafuta. Mwaka 1905 alikuwa miongoni mwa wafugaji waliomkaribisha Rais Theodore Roosevelt kuwinda mbwa mwitu ng'ambo ya mto upande wa Oklahoma, kwenye ardhi ya Wakomanche na Wakiowa ambayo wafugaji hao walikuwa wakiikodi kwa malisho. Chifu Quanah Parker alikuwemo kwenye msafara. Mji jirani ukapewa jina la binti wa Tom, Electra. Mjukuu aliyerithi jina hilo akawa mchongaji sanamu, na kampuni ya Buick ikaliita gari lake la 1959 kwa jina lake. Mwana mwingine wa Tom, E. Paul, alipenda farasi hata akaagiza kwamba dume lake Poco Bueno likifa lizikwe limesimama. Lilizikwa hivyo kweli, karibu na lango kusini mwa Vernon, na jiwe lake liko kando ya barabara. Nilisimama hapo na Mzee, yeye akiwa ndani ya gari kwa sababu ya upepo. Nilimuuliza farasi wa kazi walizikwaje. Akasema, "Hawakuzikwa."

Mwaka 1923 Tom, akiwa hai bado, aliiweka mali yote kwenye amana kwa ajili ya watoto wake watatu. Nia ilikuwa njema: ardhi isikatwe, faida igawanywe. Kwa miaka mingi ilikwenda. Lakini watoto huzaa, wajukuu huoa na kuachana, na kufikia 1991 zilikuwa zimebaki pande mbili za ukoo, kila upande na nusu, na hakuna aliyeweza kusogeza kiti bila idhini ya mwenzake. Mwaka huo yule Electra mchongaji alikwenda mahakamani kuomba amana ivunjwe. Upande wa pili ukakataa. Alikufa 2001 kesi ikiwa njiani. Mawakili walizeeka nayo. Ranchi iliuzwa robo karne baada ya hati ya kwanza ya mashtaka.

Mzee alimlaumu yule mama. Kwa makauboi wa umri wake, Electra alikuwa ndiye aliyewafunga jeneza. Mimi nami nilimlaumu, maana nilikuwa nikila meza moja na Mzee, na mtu huchukua upande wa sahani yake. Maoni yangu yalibadilika baadaye, kwa sababu za nyumbani.

Mzungu wetu aliuza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mkewe alitaka kurudi Uingereza na wanawe wawili hawakutaka ng'ombe; hiyo ndiyo sababu niliyosikia wakubwa wakiitaja jikoni. Mnunuzi ilikuwa kampuni ya kununua mashamba, moja ya zile nyingi zilizoundwa baada ya uhuru. Watu wa Nyeri, Murang'a na Nairobi walichanga, makarani, walimu, wauza makaa, kila mmoja akapata hisa, na hisa ikageuka kipande. Baba aliuza mitamba wake akanunua hisa moja. Siku ya mnada wa ng'ombe wa ranchi nilimwona amesimama zizini akiwatenga ng'ombe wake wachache aliokuwa ameruhusiwa kuchanganya na wa mzungu. Walikuwa wamepigwa chapa ya ranchi, ili kuogesha kuwe rahisi, na karani wa mnada alitaka ushahidi kwamba si wa ranchi. Baba hakuwa na karatasi. Aliwaita kwa majina. Walikuja mmoja mmoja mpaka kwenye waya, na karani akafunga daftari lake.

Vipande viligawanywa kwa kura. Namba zilikunjwa zikatiwa kwenye debe, watu wakapanga foleni kutwa. Baba alikuwa peke yake pale aliyeijua ile ardhi yote kwa miguu, kila chemchemi, kila mahali nyasi zinapowahi baada ya mvua ya kwanza. Akatia mkono kwenye debe akatoa ekari tatu za Mifupani. Jina hilo alilitunga mwenyewe: ndipo walipokuwa wakiiburuta mizoga wakati wa kiangazi. Mpimaji alipokuja na vigingi vyake, baba alimwambia, kwa adabu zote, "Bwana, hapa hata ukichimba mpaka kesho kutwa hupati maji." Mpimaji akamjibu kwamba yeye anapima, hachimbi.

Wengi hawakuja kabisa. Ekari mbili tatu kwenye nchi inayotaka ekari ishirini kwa ng'ombe mmoja si shamba, ni risiti. Hati zao ziko Nyeri na Nairobi kwenye masanduku ya chuma, na juu ya ardhi yenyewe wafugaji hupitisha mifugo kama vile vigingi havijawahi kuwepo. Watu wa mjini huona hapo uvamizi. Mimi niliyekulia hapo huona kwamba nyasi zimeirudia kanuni yake ya zamani, ya kulishwa kwa mapana au kuachwa. Na sisemi hili ili kumtetea anayechoma nyumba ya mtu. Tumeyaona hayo pia Laikipia na hayana utetezi.

Kuhusu Waggoner, watu wa nje walipiga picha lango na kuandika kuhusu dola. Sisi wa karibu tulisikia habari za ziwa Diversion. Kando ya ziwa hilo, ndani ya ranchi, kulikuwa na nyumba za watu wa kawaida, wastaafu wengi, ambao nyumba ni zao na kiwanja wanakodi kwa ranchi, wengine kwa miongo. Katika mwaka ule ule wa mauzo walipata barua za kuwataka waondoke kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata. Sheria haikuvunjwa popote. Mkataba wa kodi ndivyo ulivyo. Lakini mtu aliyejenga baraza kwa mikono yake hawezi kulibeba kwenye pikapu, na nyumba isiyo na kiwanja haina mnunuzi. Mzee aliwafahamu baadhi yao. Alinitaka nimpeleke akaagane na rafiki mmoja, nikampeleka. Tulimkuta akiondoa madirisha, vioo vyote vikiwa vimeegemezwa ukutani kwa kufuata ukubwa, na alituomba radhi kwamba hana viti vya kutukalisha. Wakazungumza habari za samaki.

Nilipomsimulia baba mdogo, alisema hao ni maskwota. Nilimbishia: walikuwa wakilipa kodi! Akasema hata baba yako alikuwa akilipa, kwa mgongo wake. Na hapo sikuwa na jibu, maana ni kweli. Aliyekaa kwa ruhusa, hata ikidumu vipi, haingii kwenye mkataba wa mauzo. Anauzwa kama ukungu wa asubuhi, yaani hauzwi, huondoka tu jua likitoka.

Mzee alifariki kabla mambo ya nyumbani hayajaiva, nami sikupata nafasi ya kumwambia nilivyogeuka kuhusu Electra.

Ni hivi. Ekari tatu za Mifupani bado zimeandikwa jina la baba, na baba alishatutoka. Kuzihamisha kunataka barua ya chifu yenye orodha ya warithi wote, kisha kesi ya mirathi, kisha tangazo kwenye gazeti la serikali. Kaka zangu wawili waliandaa orodha. Walinitumia picha yake kwa simu: majina yao, langu, la mama. Jina la dada yetu halimo. Niliuliza. Wakasema ameolewa. Nikawakumbusha kwamba sheria ya urithi Kenya haiulizi nani ameolewa, na kwamba siku baba alipolazwa ni dada aliyeuza cherehani yake kulipa amana ya hospitali. Jina likaongezwa, kwa mkono, wino tofauti.

Sasa dada, ambaye sote tulimdhania ndiye mwenye kulilia kaburi la baba na miti aliyopanda, akasema yeye anataka pauzwe. Kaka wakapiga kelele: ardhi ya baba haiuzwi! Akawauliza inawapa nini. Hakuna anayelima, maji hayapo, kila mwaka wanachanga nauli kwenda kuangalia kama vigingi bado vipo. Fungu lake la Mifupani, alisema, hawezi kulila, hawezi kulikopea, hawezi kuwapa wanawe. Nilimsikia kwenye spika ya simu, sauti haijapanda hata kidogo, na nikamwelewa yule mama wa Texas aliyekuwa na nusu ya himaya na asiweze kuuza hata kona yake moja. Tom Waggoner alidhani anawafunga watoto wake pamoja kwa upendo. Aliwafunga kwa kamba, na anayetaka kutoka kwenye kamba huonekana mchawi.

Niliweka sharti moja tu upande wangu. Kuna mama mfugaji, mjane, ambaye kwa miaka amelisha mbuzi wake hapo na ndiye aliyekuwa akimpigia baba simu mtu akihamisha kigingi. Nikasema kabla ya senti ya kwanza kugawanywa, apewe fungu lake na muda wa kutafuta malisho mengine, na iandikwe, kwa sababu jina lake halimo kwenye faili lolote. Kaka mkubwa akauliza ni haki gani ya kisheria aliyo nayo. Hana, nikamwambia, ndiyo maana nataka iandikwe. Dada akakubali kabla yake. Kaka amesema atafikiria.

Mthamini anakuja mwezi ujao kutoka Nyahururu. Nasikia kaka mdogo, ambaye ndiye aliyeapa kwamba pale hapauzwi, ameshakwenda kupanda miche arobaini ya parachichi juu ya mifupa ile na kuimwagilia kwa maji ya boza, ili mthamini akute maendeleo.